KUCHA ZINA MADOA? USIKIMBILIE VIDONGE VYA ZINKI!

Kuna kitu kinanikera. Siku hizi kila kijiwe ninachopita nakuta vijana wanakaguana kucha. Mwenye kadoa keupe anaambiwa, "Wewe huna zinki, kanunue vidonge." Na kweli anakwenda! Akina kaka wengine wanabugia viwiliviwili wakiamini vinaongeza mambo yale. Jamani, taratibu!

Nianze na hizo kucha. Madoa meupe mara nyingi huletwa na kujigonga au kutafuna kucha. Kucha inakua polepole, kwa hiyo doa linapotokeza umeshasahau ulijigonga wapi. Hicho si kipimo cha zinki.

Sasa zinki yenyewe ni nini? Ni madini yaleyale yanayopakwa kwenye bati lisishike kutu. Mwilini yanatakiwa kidogo tu: kama miligramu 11 kwa siku kwa mwanaume, na 8 kwa mwanamke asiye mjamzito wala hanyonyeshi. Kidogo, lakini yakikosekana ni kasheshe.

Mwaka 1958 huko Shiraz, Iran, daktari Ananda Prasad alikutana na kijana wa miaka 21 aliyeonekana kama mtoto wa miaka 10. Hajabalehe! Chakula chake kilikuwa mkate wa ngano, nyama karibu hagusi, na udongo alikuwa anaula kila siku. (Kina dada wa udongo, mnanisikia?) Utafiti uliofuata Misri katika miaka ya 1960 ulionyesha kuwa vijana wa aina hiyo wana upungufu wa zinki. Walipopewa, walirefuka na kubalehe.

Somo kwetu sisi wa ugali na maharage ni hili: nafaka na kunde zina zinki, ila zina pia kitu kiitwacho faiteti, ambacho huing'ang'ania isiingie mwilini. Dawa yake iko jikoni. Loweka maharage usiku kucha, kisha mwaga yale maji. Kunywa togwa au uji wa kimea. Ongeza dagaa, nyama, maini, mayai, karanga au mbegu za maboga. Wa pwani mna chaza, huyo ndiye mfalme wa zinki.

Dalili za upungufu ni hizi: vidonda kuchelewa kupona, nywele kunyonyoka, hamu ya kula kupotea, ulimi kutosikia ladha, kuharisha na kuugua ugua ovyo. Mtoto anadumaa. Lakini angalia, dalili hizo hizo zinaweza kuwa za kisukari, upungufu wa damu au maradhi mengine. Ukiziona, nenda hospitali, usijitibu kijiweni.

Na vidonge navyo si pipi. Mtu mzima akizidisha miligramu 40 kwa siku kwa muda mrefu, mwili unaishiwa madini ya shaba. Damu inapungua na mishipa ya fahamu inaweza kuumia. Ukimeza bila kula, kichefuchefu hicho! Kama unatumia tetracycline au ciprofloxacin, usimeze pamoja, maana zinki inaizuia dawa isifanye kazi. Na yale mambo yale? Kama zinki unayo ya kutosha, usitegemee miujiza.

Anayevihitaji hasa ni yule mdogo wako anayeharisha. Tangu mwaka 2004, WHO na UNICEF wanashauri mtoto mwenye kuhara apewe ORS pamoja na zinki, kwa siku 10 hadi 14. Dozi atakupangia mhudumu wa afya kulingana na umri. Wengi wetu kuhara kukikata siku ya tatu tunaweka vidonge kabatini. Usifanye hivyo! Maliza dozi, inamkinga asiharishe tena mapema.

Kwa hiyo leo ukirudi nyumbani, achana na kucha, angalia sahani. Tukutane wiki ijayo!