Sarafu Kumi za Mfuaji Nguo

Kutoa ni moyo, si utajiri. Ndivyo tulivyofundishwa na wazee wetu. Lakini moyo peke yake hautoshi. Wako akina mama waliotoa bila hesabu, kisha uzeeni wakakosa hata fedha ya dawa. Wako pia waliokusudia kutoa, wakafariki kabla ya kuandika neno lolote, na mali yao ikawa chanzo cha ugomvi wa ndugu. Ndiyo maana mwezi huu tunapenda kuwasimulia habari za mwanamke mmoja wa Marekani, na msaada alioupata kwa watu wa benki.

Osceola McCarty alizaliwa mwaka 1908 katika jimbo la Mississippi, na maisha yake aliyapitisha katika mji wa Hattiesburg. Aliacha shule akiwa darasa la sita ili amuuguze jamaa yake, wala hakurudi tena. Alifua na kupiga pasi nguo za watu kwa zaidi ya miaka 70, mpaka ugonjwa wa viungo ulipomzuia. Hakuolewa, hakuzaa, na hakuwahi kuwa na gari. Alitumia kidogo, na kilichobaki alikipeleka benki.

Maafisa wa benki waliona akiba hiyo inakua. Hawakumdharau kwa kuwa ni mfuaji. Walimshauri sehemu ya fedha aiweke mahali penye faida nzuri zaidi, pasipo hatari kubwa.

Alipokuwa mzee, afisa mmoja alitaka kujua angependa fedha zake ziende wapi baada yake. Hakumchosha kwa maneno ya kitaalamu. Alimpa sarafu kumi, kila moja ikiwa mfano wa sehemu moja ya kumi ya akiba yake, azigawe mwenyewe. Mama huyo aliweka sarafu moja kwa kanisa lake, tatu kwa jamaa zake watatu, na sita kwa Chuo Kikuu cha Southern Mississippi, ili zisaidie vijana wasio na karo. Chuo hicho kilikuwa katika mji wake mwenyewe, lakini hadi mwaka 1965 hakikupokea wanafunzi weusi kama yeye.

Kisha mkataba uliandikwa. Benki ingetunza fedha na kumpatia mahitaji yake muda wote wa uhai wake. Baada ya kifo, kila fungu lingekwenda lilikopangiwa. Habari hiyo ilipotangazwa mwaka 1995, watu walistaajabu: fungu la chuo lilikuwa kama dola 150,000. Alifariki mwaka 1999, akiwa amekwisha kuwaona vijana wakianza kusoma kwa jina lake.

Mshauri mwema hufanya nini?

Kwanza, huuliza kabla ya kushauri. Uamuzi wa nani asaidiwe ulikuwa wa mama huyo, si wa benki.

Pili, humlinda mtoaji. Chakula, matibabu na makao ya uzeeni vilihesabiwa kwanza. Sadaka isiyomfanya mtoaji kuwa ombaomba ndiyo inayodumu.

Tatu, hawasahau jamaa. Ndugu wanaojua mapema mpango ulivyo hawana sababu ya kugombana makaburini.

Nne, huweka mambo katika maandishi yenye nguvu ya sheria, mtu akiwa bado na akili timamu.

Nasi pia, hata kama akiba yetu ni hisa chache katika chama cha akiba na mikopo, au shamba dogo, tunaweza kufanya hivyo. Tumwulize mshauri wazi: Wewe unalipwa na nani, na kiasi gani? Maana mwingine hupata kamisheni kwa kila karatasi anayotutia saini. Asiyetaka kujibu, tumwache. Tunapokwenda kwake, tufuatane na mtu tunayemwamini ambaye hana fungu katika mali hiyo. Na kile kituo cha yatima au shule tunayotaka kuisaidia, tuombe kuona hesabu zake. Si dharau, mtumishi mwaminifu hufurahi kuulizwa.

Jioni moja, mama na baba wa nyumba, hebu wekeni sarafu kumi mezani. Je, mngezigawaje?