Majina Yanapoharibika: Kosa Ni la Chuma ao la Programu?



Katika kambi moja nilimoishi kazini, majina ya familia yaliharibika ndani ya seva, ile kompyuta inayotunza orodha ya msaada. Watu walisema mwandishi ameuza kadi, akafukuzwa. Majina yakaendelea kuharibika.

Mashini nayo ipimwe. Kumbukumbu ya seva ni vijiti vidogo vilivyochomekwa ndani. Kijiti kikiwa kibovu, leo programu hii inaanguka, kesho nyingine, zaidi sana wakati wa joto na vumbi. Lakini kama ni programu moja tu, kumbukumbu inajaa polepole tangu asubuhi, na seva ikiwashwa upya inapona, basi shaka iende kwa programu: inachukua nafasi bila kuirudisha.

Fundi aweke kwanza nakala ya orodha pembeni, asiandike juu ya ile ya zamani. Kisha awashe seva kwa Memtest86+, programu ya bure inayoanza kabla ya nyingine zote, ikiandika na kusoma kila sehemu ya kumbukumbu. Iachwe usiku mzima (jenereta ndiyo shida yetu). Kosa likionekana hapo, programu ya orodha haina hatia, haijafunguliwa hata. Apime kijiti kimoja kimoja, na abadilishe tundu, maana tundu bovu husingizia kijiti kizuri. Kosa lisipoonekana, chuma hakijaachiliwa kabisa, ila programu ichunguzwe sasa.

Kamati iombe kuona matokeo hayo kabla ya kumwita mwandishi.