Ua Jipya la Mlimani si Dawa

Kila itangazwapo kwamba ua lisilopata kuandikwa na wanaelimu ya mimea limeonekana katika milima ya Usambara, Uluguru au Udzungwa, swali linaloniwahi mlangoni, liulizwe na mwandishi wa habari, na diwani au hata na mwalimu wa sayansi, ni hili moja: linatibu maradhi gani? Nimelijibu kwa upole kwa muda mrefu, na leo naomba radhi nilijibu kwa ukali, kwa kuwa itikadi iliyojificha nyuma yake ina madhara.

Itikadi hiyo husema kwamba mmea adimu, uliositirika katika ukungu wa vilele, hauna budi kuwa umewekewa siri ya tiba, na kwamba kadiri ulivyochelewa kuonekana ndivyo nguvu zake zilivyozidi. Haina hoja hata moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulidhihirisha kwamba karibu robo ya spishi mpya za mimea zilielezwa kutokana na vielelezo vilivyokwisha kulala makabatini zaidi ya miaka 50, na asilimia 16 tu zilielezwa ndani ya miaka mitano tangu kuchumwa mara ya kwanza. Wala kulala kabatini hakukutia chembe ya dawa katika majani yale, wala kutajwa gazetini hakutii. Kinyume chake, Catharanthus roseus, ua la Bukini lililojaa vibarazani mwetu, lilipewa jina na mwanaelimu ya mimea Linnaeus mwaka 1759, na dawa ya vinkristini, itumikayo kutibu saratani ya damu ya watoto, ilipatikana ndani yake takriban miaka 200 baadaye, ilhali dunia nzima imekwisha kulizoea bustanini. Iliyoifichua dawa ile ni maabara na miaka ya majaribio. Ugeni haukuwamo kabisa.

Hatari nayo ni yakini. Katika milima yetu imo mimea ya jenasi ya Senecio, yenye maua ya manjano yapendezayo macho, na mingi miongoni mwake, sawasawa na mmea uitwao marejea, ina alkaloidi za pirolizidini ambazo huliharibu ini, aghalabu bila maumivu ya kumwonya mnywaji mapema. Achemshaye mmea kwa sababu tu haujulikani amejitoa nafsi yake kuwa mnyama wa majaribio, na anayemuuzia mwenzake maji yale amefanya dhuluma. Fauka ya hayo, spishi nyingi za milima hii huishi katika msitu mmoja tu, pengine katika genge moja lenye maji, hata mchimba mizizi mmoja mwenye jembe na tamaa aweza kuifuta spishi kabla haijapata jina.

Kuieleza spishi ni kazi nyingine kabisa: ni kuliweka ua mbele ya ndugu zake wote, kupima petali, kuhesabu stameni, kutazama vinyweleo vya jani kwa hadubini, kisha kuteua kielelezo kimoja kiwe msingi wa jina, kiwekwe katika hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) iliyotajwa, na maelezo yachapishwe kwa Kilatini au, tangu Januari 2012, kwa Kiingereza. Thamani ya msingi huo tuliijua kwa hasara, Machi 1943, hebaria ya Berlin ilipoteketea kwa mabomu na vielelezo vingi vilivyochumwa Tanganyika zama za Wajerumani vikaungua. Wala jina si hukumu ya milele: urujuani wa Usambara, aliouandika mwanaelimu ya mimea Wendland mwaka 1893 kuwa Saintpaulia ionantha, sasa umo katika jenasi ya Streptocarpus.

Basi ukikuta ua usilolijua, usiling'oe. Lipige picha zima, jani juu na chini, ua mbele na ubavuni, na tunda likiwapo. Andika kimo cha mahali, tarehe, hali ya udongo na jina waliitalo wenyeji. Peleka habari hebaria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ya Arusha, au ya Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Mahali lilipo usipatangaze hadharani, maana wafanyao biashara ya mimea adimu nao husoma. Kuchuma mwachie mwenye kibali. Na aliye mgonjwa amwendee tabibu.