Jirani wa Ng'ambo ya Ruvuma

Mwenye kusimama Shimo la Mungu, pale Newala ambapo uwanda wa Makonde unakatika ghafula, huliona bonde la Ruvuma chini yake, na ng'ambo ya mto huiona nchi ya Msumbiji. Watu wa pande hizi mbili si wageni. Wamakonde wako huku na huko, Wamakua na Wayao vile vile. Bibi amezikwa upande mmoja na wajukuu wake waishi upande wa pili. Mpaka walipatana Wajerumani na Wareno mwaka 1886, wala wenye nchi hawakuulizwa.

Yafaa ndugu msomaji aukumbuke mwaka 1960, kwani katika mwaka huo mmoja jambo tunalotaka kulisema lilionekana pande zote mbili za mto. Tarehe 16 Juni, huko Mueda katika uwanda wa Wamakonde wa Msumbiji, umati wa watu ulikusanyika mbele ya nyumba ya serikali ya Wareno. Walikuja kusikia majibu ya maombi yaliyopelekwa na Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, watu waliokuwa wametoka huku Tanganyika. Wajumbe wale wawili walitiwa nguvuni, na watu walipopinga wakapigwa risasi. Idadi ya waliouawa yabishaniwa hata leo: wengine husema zaidi ya 500, na wengine hutaja idadi ndogo sana kuliko hiyo. Wala hapana shaka ya kuwa kosa lao lilikuwa kuomba.

Mwezi wa Agosti mwaka ule ule, Tanganyika ilifanya uchaguzi mkuu, na TANU ikapata viti 70 katika viti 71 vya Baraza la Kutunga Sheria. Tazama basi tofauti iliyokuwapo kati ya ndugu wawili waliotenganishwa na mto. Mtu wa Newala alipata mwakilishi wa kumtuma. Mtu wa Mueda alipojaribu kusema mwenyewe alijibiwa kwa bunduki. Neno la pili lapasa litoke kinywani mwa yule wa kwanza, maana yeye ndiye mwenye njia.

Yaliyofuata yajulikana. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, vita vikaanza tarehe 25 Septemba 1964, na wakimbizi wakavuka Ruvuma kuja kwetu. Wengi wakapewa makazi Rutamba, katika Lindi. Msumbiji ikapata uhuru wake tarehe 25 Juni 1975.

Huenda msomaji akauliza: je, sauti ya mtu wa kawaida, anayemwandikia mwakilishi wake juu ya watu wa nchi nyingine, imepata kufaa kitu? Mfano mmoja uko Masasi kwenyewe. Tangu 1960 hata 1968, askofu wa Kianglikana wa Masasi alikuwa Trevor Huddleston, aliyekuwa padri Afrika Kusini na kuyaona kwa macho yake mateso ya Waafrika. Tarehe 26 Juni 1959 yeye na Mwalimu Julius Nyerere walihutubia mkutano mjini London, ambapo watu walitakiwa wasinunue bidhaa za Afrika Kusini. Kutokana na mkutano huo kilizaliwa Chama cha Kupinga Ubaguzi wa Rangi cha Uingereza, nacho baadaye, kuanzia 1981, kikamfanya Huddleston kuwa rais wake. Waliokijaza hawakuwa wakubwa wa serikali. Walikuwa waalimu, wanafunzi, wafanyakazi na akina mama wa nyumbani, na kazi yao mojawapo, mwaka baada ya mwaka, ilikuwa kuwaendea wabunge wao na kuwauliza: wewe unasemaje juu ya jambo hili? Huko Marekani watu wa namna hiyo waliwasumbua wawakilishi wao hata mwaka 1986 Baraza la Kongresi likapitisha sheria ya kuiwekea vikwazo Afrika Kusini. Rais Reagan aliikataa; Kongresi ikaipitisha juu ya kukataa kwake.

Mwislamu hana haya kujifunza kwa jirani, na jirani huyu aliishi kwetu miaka minane.

Sasa tuje kwenye mambo ya siku zetu. Tarehe 5 Oktoba 2017 watu wenye silaha waliushambulia mji wa Mocímboa da Praia, na tangu hapo jimbo la Cabo Delgado limeona vijiji vikichomwa na watu wakichinjwa. Moto huo ulivuka mto: Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, nacho kilishambuliwa. Machi 2021 mji wa Palma ukavamiwa, na maelfu wakakimbia. Wengine walikimbilia huku. Kufika katikati ya mwaka huo Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilitangaza kuwa watu zaidi ya 9,000 walikuwa wamerudishwa kutoka Tanzania kwa njia ya Negomano. Negomano ndiyo ng'ambo ya Daraja la Umoja, lililofunguliwa mwaka 2010 pale Mtambaswala, wilaya ya Nanyumbu, nchi iliyokuwa zamani sehemu ya Masasi.

Hatusemi kwamba Serikali haina haki ya kulinda mpaka wake. Baada ya Kitaya nani atasema hivyo? Lakini mama mwenye mtoto mgongoni si mshambulizi, na kumpambanua huyu na yule ni kazi iwezekanayo. Tanzania imeridhia mkataba wa wakimbizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969, nao wakataza mtu kurudishwa mpakani aende kwenye hatari ya roho yake.

Ziko nyumba za Waislamu ambazo hunyamaza kwa khofu. Wauaji wale hujitangaza kwa jina la dini yetu, basi mtu huwaza: nikiwatetea waliokimbia, sitadhaniwa kuwa ni mwenzao? Khofu hii yaeleweka, ila haina msingi. Waliofukuzwa majumbani mwao ni Waislamu wa pwani na Wakristo wa uwandani pamoja, na anayewasemea hao ndiye mpinzani wa wauaji. Tena Waislamu wa kwanza walikuwa wakimbizi. Walipohamia Habasha, Makureshi walimtuma Amr bin Al-Aas kwa Najashi awaombe warudishwe. Na Najashi, aliyekuwa Mkristo, hakukubali kuwatoa kabla ya kuwasikiliza. Jaafar bin Abi Talib akasema mbele yake, nao wakabaki salama. Na aya ya sita ya Surat Tawba yaamrisha hata mshirikina aombaye hifadhi apewe, kisha afikishwe mahali pake pa amani.

Wengine watasema kwamba mbunge anayo ya kwetu kwanza: maji ya Newala na bei ya korosho. Kweli anayo. Lakini mbunge aulizwaye korosho tu hujibu korosho tu.

Njia yenyewe si ngumu. Ibara ya 63 ya Katiba yampa mbunge uwezo wa kumwuliza Waziri swali lolote kuhusu mambo ya umma, na Ibara ya 18 yampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni yake. Basi barua iwe fupi, ya jambo moja, yenye majina na kijiji na kata ya walioiandika, nayo itiwe saini na wazee wa msikiti na wa kanisa pamoja kama wakikubali. Isemwe kilichoonekana, wala si uvumi. Kisha mbunge aombwe kitu dhahiri: amwulize Waziri wa Mambo ya Ndani ni utaratibu gani unaofuatwa pale Mtambaswala mtu anapofika akisema anakimbia kuuawa, na nani humsikiliza kabla hajarudishwa. Apelekewe barua katika ofisi yake ya jimbo, apokeaye aandike tarehe, na nakala moja ibaki kijijini. Swali likiulizwa Dodoma, jibu la Waziri huchapwa katika Taarifa Rasmi za Bunge. Liombwe, lisomwe mbele ya watu baada ya sala ya Ijumaa, na kama halikujibu kilichoulizwa, iandikwe barua ya pili.