Meza na Wimbo Vinaponena

Mwandishi wa hadithi atakaye kutufunulia mioyo ya watu hatosheki kutuambia kwamba walipendana au walichukiana. Mara nyingi hutupeleka mezani, au hutusikilizisha wimbo. Tutazame mfano mmoja unaotuhusu sisi Walutheri.

Mwaka 1950 Karen Blixen wa Denmark, aliyeishi Kenya tangu 1914 hadi 1931, alichapisha hadithi iitwayo "Babette's Feast". Ndani yake mna mabinti wawili wa mchungaji huko Berlevaag, Norwe: Martine, aliyepewa jina kwa heshima ya Martin Luther, na Philippa, kwa heshima ya Philip Melanchthon. Katika ujana wake Philippa alifundishwa kuimba na Papin, mwimbaji mashuhuri wa Paris. Siku moja waliimba pamoja wimbo wa mapenzi wa Mozart, naye Papin akambusu. Philippa akaacha masomo. Wimbo ulionyamazishwa watueleza habari za moyo wake kuliko maneno mengi.

Mwaka 1871 Babette, mkimbizi kutoka Paris, anafika kwao na barua ya Papin, naye anakuwa mpishi wao. Baada ya miaka mingi anashinda faranga 10,000 katika bahati nasibu, naye aomba kuandaa karamu ya kukumbuka miaka 100 tangu kuzaliwa kwa marehemu mchungaji. Waumini wamezeeka katika magomvi. Tena, kwa kuogopa anasa, waahidiana kutotaja chakula kabisa. Lakini wanapokula, ndimi zafunguka kwa mambo mengine. Aliyemdhulumu mwenzake katika biashara ya mbao akiri huku akicheka. Wanawake wawili waliosingiziana wakumbuka walivyoimba njiani walipokuwa wasichana wa kipaimara. Jenerali mmoja ahutubu juu ya neema, lakini hotuba yake yatamka tu lile ambalo meza imekwisha kulitenda.

Mwishoni twajua kwamba Babette ametumia fedha zote. Philippa amkumbatia na kumfariji kwa maneno yale yale ambayo Papin alimwandikia yeye. Hapo wimbo na chakula vyakutana.

Hata hivyo tuangalie: karamu haikuchukua nafasi ya toba, bali iliipa nafasi. Nasi kila mara twawaalika watu kwenye Meza ya Bwana, hali wawili walioketi benchi moja hawasalimiani. Je, twawapa nafasi ya kusema, "Nilikudhulumu"?