Studio yako ni kivuli cha nyumba: Sanaa Loki isingoje mgeni

KUNA wakati Lokichoggio ilikuwa haitulii kwa mngurumo wa ndege. Kuanzia 1989, mji huu wa mpakani ulikuwa kituo kikuu cha Operation Lifeline Sudan, mpango wa kupeleka misaada kusini mwa Sudan. Wageni walijaa, pesa zikazunguka. Kisha mkataba wa amani ukatiwa saini 2005, mashirika yakaanza kuhamia Juba, na Loki ikapoa.

Kwa kijana mwenye kipaji cha sanaa, hapo pana funzo. Kazi inayomtegemea mgeni pekee hudoda siku mgeni anapofunga virago. Ukitaka studio itakayodumu, ianzishe nyumbani kwako, kwa vitu vilivyo karibu, na utengeneze kwanza kile ambacho wewe na majirani zako mtakitumia.

Na usidhani studio lazima iwe chumba maalumu. Katika miji ya Lodwar, Kakuma na Loki, mchana joto hupita nyuzi 35, na chumba cha mabati hugeuka tanuri. Kivuli ndicho studio. Asubuhi kiko upande wa magharibi wa nyumba, alasiri kinahamia mashariki. Kwa hivyo unachohitaji ni studio inayohama: mkeka, kigoda na sanduku lenye kifuniko kinachobana, maana vumbi la huku halibishi hodi. Fanya kazi mapema au jua likishapoa. Ukipaka rangi, mimina kidogo kidogo na uifunike kwa kitambaa kibichi, la sivyo itakauka kabla hujachovya brashi mara ya pili.

Malighafi je? Angalia ulipo. Kando ya Mto Turkwel kuna mikoma, ambayo majani yake machanga ndiyo yanayosukwa vikapu na mikeka. Yachane nyembamba, yakaushe, kisha uyaloweke kabla ya kusuka ili yasivunjike. Usikate majani mengi kwenye mti mmoja wala kugusa moyo wake, kwani mkoma ukifa, na kikapu cha mwaka ujao kimekufa.

Kuna pia mathenge, mti uliovamia mashamba na njia na kulalamikiwa na kila mtu. Mbao zake ni ngumu na hufaa kuchonga vijiko, vifungo na vishikio vya funguo. Angalia tu miiba yake, ikikudunga utavimba. Vipande vya kitenge waombe mafundi cherehani wa Kakuma. Kambi hiyo ya wakimbizi iliyofunguliwa 1992 ina watu kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi na kwingineko, na kila jamii imekuja na mkono wake. Tairi kuukuu nazo, mbali na kutoa akala, hukatwa zikawa mikanda na kamba za vigoda.

Mwalimu naye si wa kutafutwa mbali. Video za simu zitakuonyesha mengi, lakini hazitakushika kidole pale uzi unapokosea tundu la shanga. Nyanya yako, au mama jirani, atafanya hivyo. Mzee anayechonga ekicholong, kile kigoda ambacho Mturkana hukikalia na pia kukilalia kama mto, atakuonyesha namna ya kusoma nyufa za mti. Nenda na sukari au majani chai, ukae, utazame, uulize. Ujuzi huo usipochukuliwa sasa, utaondoka na wenyewe.

Kuhusu pesa, usikimbilie kuuza. Vitu vitatu vya kwanza vibaki nyumbani vitumike, uone vinapoachia. Ukianza kuuza, hesabu malighafi, kisha hesabu saa zako. Wengi husahau hizo saa, na kikapu cha siku nne kinaenda kwa bei ya soda. Piga picha kwenye mwanga wa jioni, weka kwenye WhatsApp, pokea kwa M-Pesa. Tamasha la Tobong'u Lore likifika Lodwar, wageni watakuja, na wakija ni nyongeza tu.

Lakini hata usipouza kitu, nusu saa ya kutunga shanga huku simu iko mbali si muda uliopotea. Kichwa hutulia mikono ikiwa na kazi, na kijana asiye na ajira anahitaji utulivu huo kuliko anavyokiri.

Tena, eneo hili si geni kwa mikono ya mafundi. Huko Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana, watafiti walipata zana za mawe za miaka milioni 3.3, kongwe kuliko zote zinazojulikana duniani. Aliyezichonga hakuwa na meza wala mfadhili. Alitumia mawe aliyoyakuta.

Wewe kesho asubuhi tandika mkeka upande wa magharibi wa nyumba, uanze na kimoja.