Kalibu Moja, Mafundi Wengi

Fungueni madaftari, someni pamoja nami.

Fundi wa Temeke hachongi kalibu mpya kwa kila tofali. Kwa kalibu moja hufyatua matofali mengi, na fundi wa Kinondoni aweza kuiazima.

Wataalamu wa viumbe nao wana kalibu zao. Ndani ya mbu mna maandishi ya urithi, herufi zaidi ya milioni 200. Mbu asiyekufa kwa dawa ya chandarua aweza kuwarithisha watoto wake nguvu hiyo. Kuitafuta kwa macho herufi iliyobadilika hakuwezekani. Kompyuta huzilinganisha herufi kwa kufuata maagizo. Mbu wa Muheza, Tanga, wamechunguzwa hivyo.

Maagizo hayo huandikwa mara moja, yakawekwa ghalani ili wengine wayatumie. Ghala moja, Biopython, lilianzishwa mwaka 1999, nalo hutolewa bure.

Lakini kalibu ikipinda, matofali yote hupinda. Kwa hiyo maagizo huachwa wazi, kila fundi ayakague. Kosa likisahihishwa mara moja, wote hufaidika.

Maswali:
1. Kwa nini fundi hutumia kalibu moja?
2. Kalibu iliyopinda huleta hasara gani?
3. Kazi hii yahusu nini chandarua chako?

Kwaherini.